Tunalima na tunavuna, mbona vijana hawarudi? Vijiji vya pembezoni Ludewa na Makete

#1 Mkazi wa Milimani
Wakuu, salaam.

Kijiji chetu kiko Ludewa, mkoani Njombe, upande ule milima inaposhuka kuelekea Ziwa Nyasa. Ardhi tunayo, mvua zikianza Novemba zinakwenda mpaka Aprili na zaidi, mahindi na maharage yanakubali. Lakini pita leo saa nane mchana uone nyumba za tofali za kuchoma, bati zima kabisa, zimepigwa kufuli. Wenyewe wako Makambako, Mbeya na Dar. Waliobaki ni wazee, kina mama wenye watoto wadogo, na vijana wachache wanaosubiri nauli.

Kila mkutano tunaambiwa "vijana hawapendi kilimo". Mimi sikubali. Mdogo wangu alilima ekari nne kwa jembe la mkono, akapanda kwa mbolea, akapalilia kwa wakati, mahindi yakasimama mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuyatazama. Akauza. Akalipa deni la mbolea, akalipa vibarua, akalipa wa kubeba magunia mpaka barabarani. Kilichobaki hakikutosha kununua mbegu na mbolea ya msimu uliofuata. Baada ya Krismasi akaondoka na wenzake. Kijana huyo hakuwa mvivu.

Nauliza: kinachowaondoa ni nini hasa? Na je, kijiji cha namna hii kina kesho?

#2 Dereva wa Fuso
Barabara, mkuu. Hakuna kingine.

Nimebeba mazao ukanda huo miaka mingi. Mvua ikishakolea Februari, kile kipande cha mwisho kinageuka ute. Unafunga minyororo kwenye matairi na bado gari linateleza kuelekea korongoni, utingo anakimbia na jiwe la kuzuia tairi la nyuma. Ukikwama unalala hapohapo. Sasa tajiri mwenye gari anajua hatari hiyo, kwa hiyo anakata mapema kwenye bei anayompa mkulima. Mahindi yaleyale yakiwa Njombe mjini yana bei nyingine kabisa. Huo upungufu wote anaubeba aliyeko mbali na lami.

Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Greda la kusawazisha linapita kiangazi, mvua mbili tu kifusi kimeondoka na maji kwa sababu hakuna mitaro.

#3 Mkinga wa Mjini
Dereva nakuheshimu, ila njoo Makete uone. Sisi lami ya kutoka Njombe tumeipata. Viazi vinatoka, kweli. Na vijana wanatoka vilevile, tena sasa wanaondoka asubuhi na jioni wako Mbeya. Kama barabara ndiyo ingekuwa dawa, vijiji vya kando ya lami visingekuwa na kufuli.

Kwetu mwizi ni lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu juu linaongezwa kichwa na kushonewa kamba mpaka linakaribia kimo cha mtoto. Mnunuzi anahesabu gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mazao yapimwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo. Ila shambani mizani haipo, na mwenye gari anakwambia wazi: usipojaza, nahamia kwa jirani yako.

#4 Kinu cha Upangwa
Hoja ya #3 ni ya kweli na inauma. Niongeze makato ya getini. Mazao yakitoka wilaya moja kwenda nyingine unakatwa asilimia 5. Hapo mkulima atabaki na nini?

#5 Karani Mstaafu
#4, hapo turekebishane. Asilimia 5 ilikuwa zamani. Tangu bajeti ya 2017/18 ushuru ulishushwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Na mzigo usiozidi tani moja ukivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine haukutakiwa kutozwa kabisa. Mkulima mwenye magunia saba ya kilo mia alikuwa huru. Tatizo ni kwamba wengi hawakuambiwa, na mkusanyaji aliyepewa lengo la mwezi hana haraka ya kuwaambia.

#6 Kinu cha Upangwa
Asante mzee wangu. Basi hapo kuna watu wametozwa kwa kutojua tu.

#7 Babu wa Mwambao
Wajukuu, mnaongea kana kwamba kuondoka kumeanza juzi. Baba zetu waliondoka huku kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Tuliwaita manamba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, iliyoanzishwa 1944, na malori yake yalifika mpaka Njombe kuchukua watu. Serikali ya mkoloni ilikuwa inataka kodi kwa fedha taslimu, na huku hapakuwa na zao la kuleta fedha. Mkonge, chai na kahawa vilipandwa kwingine. Nyanda hizi zilitengwa ziwe za kutoa watu.

Kwa hiyo mnapotafuta sababu, anzieni huko. Kijana wa leo anapita njia aliyopita babu yake, ila anapanda basi badala ya lori.

#8 Nguzo Saba
Shikamoo mzee. Somo zito hilo.

Ila baada ya uhuru je? Azimio la Arusha 1967 likawakusanya watu vijijini kwa nguvu, wakaacha mashamba yao ya asili. Mimi naona pale ndipo tulipoharibikiwa.

#9 Babu wa Mwambao
Marahaba. Usichanganye, mjukuu. Azimio ni Februari 1967, na vijiji vya mwanzo walikwenda waliotaka. Nguvu ilikuja na Operesheni Vijiji, 1973 mpaka 1976. Kwetu tulishushwa kutoka vilimani tukapangwa kwa mistari kando ya njia. Mashamba yenye mbolea ya miaka yote tukayaacha saa mbili za kutembea. Lakini hapohapo ndipo tulipopata shule na zahanati, na wewe unayeandika hapa usingejua kusoma. Mambo yote mawili ni kweli.

#10 Dada Mhaville
Habari zenu. Nimesoma tangu juu, kila mtu anasema "kijana" akimaanisha mwanaume. Naomba niseme la upande wetu.

Shamba la mume wangu nililima mimi. Kupanda mimi, kupalilia mimi, kuvuna na kubeba kichwani mimi. Siku ya kuuza, mnunuzi anamuuliza mwanaume. Mume alipofariki, wakwe wakaniambia nichague: nibaki kama mtoto wa nyumba au niache shamba. Niliacha. Sasa niko Makambako nauza mitumba, na wanangu wanasoma.

Mabinti wengi wanaondoka kwa hilo, kwa kuwa kwa baba hawarithi na kwa mume hawana usalama. Halafu mnashangaa vijana wa kiume hawakai. Wakae na nani?

#11 Karani Mstaafu
Pole sana dada. Ulionewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Baraza la ardhi la kijiji linapatanisha, likishindwa unakwenda kata, kisha wilaya. Na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume wote wawili. Wenye ndoa mnaosoma hapa, fanyeni hivyo mapema mkiwa bado mnapatana.

#12 Mkinga wa Mjini
Dada #10 umenifungua macho. Sikuwahi kulifikiria kwa upande huo.

#13 Muuguzi wa Zamu
Kuna jambo linazungukwa. Makete na Njombe kwa ujumla nyumba nyingi zilifungwa na UKIMWI. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili kuna vijiji vilibaki na babu, bibi na wajukuu. Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure nchini 2004, na kabla ya hapo tulizika sana. Mpaka utafiti wa 2022/23, Njombe ndiyo iliongoza kitaifa kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima.

Fikirini maana yake shambani. Kizazi cha katikati, chenye nguvu na kinachorithisha ujuzi, kilitoweka. Mtoto aliyelelewa na bibi wa miaka sabini amejifunza wapi kukata matuta ya kuzuia maji mlimani? Nani alimwonyesha mpaka wa shamba la baba yake? Mashamba mengi yaliporwa na ndugu hapohapo msibani.

Nashukuru leo watu wanatumia dawa, wanalima, wanaishi. Ila pengo lile bado lipo.

#14 Mkazi wa Milimani
Dada Muuguzi, asante kwa kulisema. Kwetu pia lilipita. Darasa langu la saba waliobaki hai ni wachache.

#15 Msafiri wa Rukwa
Mimi niko Sumbawanga, nalima mahindi tu. Nadhani mnamwacha mchawi halisi, ambaye ni bei isiyotabirika. Juni 2017 ilitangazwa marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Tulikuwa tumevuna sana. Bei ikaanguka, watu wakalisha ng'ombe, wengine wakaacha yaoze. Mwaka huohuo India wakafunga mlango wa mbaazi, wa Lindi na Mtwara nao wakalia. Halafu 2024 NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, wakapandisha bei ya mahindi mpaka shilingi 700 kwa kilo, tukapumua. Sasa niambieni, kijana apange vipi maisha? Akikopa kwa matarajio ya bei ya mwaka jana, mwaka huu anauza baiskeli.

#16 Dereva wa Fuso
Na hiyo 700 ni kwenye kituo cha kununulia. Mahindi yafike kituoni kwanza. Tunarudi barabarani palepale!

#17 Nguzo Saba
Dereva, wewe hata tukijadili ndoa utaleta barabara 😀

#18 Dereva wa Fuso
Bila barabara bibi harusi anafikaje?

#19 Mama Ghala
Nimecheka. Nirudi kwenye mada.

#15 amegusa bei, ila bei mbaya inampata zaidi anayeuza Julai. Na anauza Julai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni. Kwetu Februari, chakula kimeisha, mtu anapewa fedha na mlanguzi kwa makubaliano ya magunia, mahindi yakiwa bado yana hariri. Akivuna, nusu si yake.

Ya pili ni dumuzi, wale tunaowaita skania. Ukiweka mahindi darini bila dawa, ndani ya miezi michache unasikia usiku yanatafunwa, unafungua gunia unakuta unga. Hivyo mtu anaona bora auze kwa bei ya hasara kuliko awalishe wadudu.

Kikundi chetu cha kina mama tulianza na mifuko ya tabaka tatu. Mahindi yakaushwe hasa, ung'ate punje ilie kwa meno. Unajaza, unakamua hewa kwa mikono, unafunga kila tabaka peke yake. Mdudu anakosa hewa anakufa bila sumu. Tuliuza Januari badala ya Julai na tofauti ilimlipia ada ya chuo binti wa mwenzetu mmoja. Hakuna miujiza, ni kusubiri tu. Lakini ili usubiri lazima uwe na cha kula na usiwe na deni.

#20 Korosho Newala
Sisi Mtwara tulishatoka kwenye ulanguzi wa aina hiyo, tulikuwa tunaita kangomba. Stakabadhi ghalani ilianzishwa kwa sheria ya 2005, korosho zikaingia 2007. Unapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa kwa mizani, mnada unafanyika hadharani, fedha inaingia benki. Msimu wa 2024/25 mnada wa mwanzo bei ilivuka 4,000 kwa kilo. Vijana wa kwetu wanarudi msimu wa mavuno, wanajenga. Nyie mahindi na maharage fanyeni hivyohivyo.

#21 Msafiri wa Rukwa
Mkuu wa Newala, korosho haziliwi na mkulima usiku na hazisubiriwi na watoto. Mahindi ni chakula na ni fedha ya dharura. Mtoto akiugua usiku nauza debe asubuhi namkimbiza zahanati. Ukiniambia nipeleke ghalani nisubiri mnada, nani ananisubirishia homa?

Na msisahau Novemba 2018, Serikali iliponunua korosho zenu zote kwa 3,300 na jeshi likabeba. Wapo waliokaa muda mrefu bila malipo yao.

#22 Korosho Newala
Nakubali ule msimu ulituumiza. Lakini leo hakuna anayetaka kurudi kwenye kangomba.

#23 Kinu cha Upangwa
Mimi nina hofu nyingine: ardhi inaondoka. Watu wa mjini wanakuja kununua vilima vizima kupanda mipaini. Kijana anauza ekari kumi za ukoo, ananunua bodaboda, bodaboda inaisha, anabaki kibarua wa kupalilia miti kwenye ardhi iliyokuwa yake. Sasa mtu huyo akirudi kesho atarudi wapi? Mwenyekiti akishagonga muhuri imekwisha.

#24 Karani Mstaafu
Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na haitakiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Someni mihtasari. Mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kupinga. Nimeona mauziano yakibatilishwa kwa sababu mkutano haukuwahi kukaa.

#25 Fundi Mbao
Msiiseme vibaya miti. Mimi miti ndiyo imenisomesha. Kosa ni kuuza ardhi badala ya kupanda mwenyewe, na kosa jingine ni kuvuna miti michanga. Mpaini ukiusubiri miaka kumi na tano na zaidi unatoa mbao yenye fedha. Watu wanauza wa miaka saba au nane, unene wa mguu, kwa kuwa ada imefika. Kisha moto. Mtu anachoma shamba Oktoba, upepo unageuka, kazi ya ukoo mzima inaisha kabla ya jioni. Barabara za moto, zile njia za kuzuia moto usivuke, hazifyekwi, kila mmoja anamtegea mwenzake.

#26 Nguzo Saba
Mbona hamzungumzii Liganga na Mchuchuma? Chuma na makaa ya mawe viko Ludewa. Siku mradi ukianza, hao vijana watarudi mbio.

#27 Mkazi wa Milimani
Nguzo, mkataba na Wachina ulisainiwa 2011. Kuna watu waliacha kupanda miti na kujenga kwa kusubiri mgodi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule anakaribia kumaliza sekondari. Mradi ukija tutaupokea kwa mikono miwili, ila mimi siwezi kumwambia mdogo wangu arudi kwa ajili ya mgodi.

#28 Kalamu ya Lupila
Nitasema linalosemwa pembeni tu. Vijana wanaogopa. Ukijenga nyumba nzuri kijijini, ukinunua pikipiki ya pili, maneno yanaanza. Ukiugua inasemwa umerogwa, jirani akifiwa inasemwa umemtoa kafara. Mjini hakuna anayekuhesabia bati. Binamu yangu alifungua duka zuri tu, akalifunga kwa maneno ya watu.

#29 Mwalimu wa Mlimani
#28, hofu hiyo ipo, naiona. Lakini Wakinga, watu wa Makete, wametoka hukohuko milimani na wamejaza maduka Mbeya mpaka Kariakoo, na Desemba wanarudi kujenga. Kama woga ungekuwa ndiyo sababu kubwa, wasingejenga.

Mimi natazama shule. Tangu Januari 2016 elimu mpaka kidato cha nne ni bila ada, watoto wamejaa, na hilo ni jema sana. Ila tunawafundisha kila siku kwamba aliyefaulu ni yule anayeondoka. Anayefeli tunamwambia "basi kalime". Adhabu yetu shuleni ni jembe. Mtoto ameshika jembe kama adhabu miaka kumi na moja, leo unamwambia ni ajira?

#30 Mama Ghala
Mwalimu, hapo umenigusa. Mimi mwenyewe nilifyekeshwa kwa kuchelewa namba.

#31 Kijana wa Kidato cha Nne
Shikamooni. Mimi ndiye mnayemjadili. Nimemaliza mwaka jana, niko kijijini Ludewa. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika, niliunganisha kwa 27,000, nachaji simu za watu na nina mashine ya kunyolea. Baba amenipa robo ekari, akisema shamba ni lake mpaka afe. Kikundi cha vijana tuliomba mkopo wa halmashauri wa ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Tukaambiwa tusajili kikundi, tuandike andiko, tufungue akaunti, na benki iko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko michango yetu.

Sitaki kuondoka. Nataka shamba lenye jina langu na mtaji wa mbegu. Nikikosa hivyo mpaka mvua za Novemba, naenda Makambako kubeba mizigo.

#32 Karani Mstaafu
Marahaba mwanangu. Andiko hilo lilete hapa, futa majina, nitalipitia. Nimeandika mengi kama hayo kazini. Mwone pia afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, kazi yake ni kuwafuata nyie, si nyie kumfuata mjini.

#33 Mkazi wa Milimani
Kijana, uko tarafa gani? Kama ni ya kwetu nina nusu ekari ya bonde imelala. Lima bure misimu miwili, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ili pasitokee maneno.

#34 Kijana wa Kidato cha Nne
Mungu akubariki mzee wangu. Nakutumia ujumbe. Bonde hilo linafaa viazi?

#35 Mkinga wa Mjini
Viazi vinafaa kama maji hayatuami. Usinunue mbegu za sokoni, zinakuja na mnyauko, na mnyauko ukiingia kwenye udongo huondoi leo wala kesho. Ukiona kiazi kimekatwa kinatoa ute mweupe, kiache. Tafuta kwa wazalishaji wa mbegu, au ulizia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya.

#36 Fundi Mbao
Na apande aina gani? Kikondo ladha yake safi, ila madalali siku hizi wanataka Sagitta.

#37 Mkinga wa Mjini
Inategemea anamuuzia nani. Wa chipsi wanataka kiazi kirefu kisichonyonya mafuta. Kijana, ulizia kwanza gari linalokuja kwenu linapeleka wapi.

#38 Dereva wa Fuso
Gari linalokwenda kwao ni langu. Mwishoni mwa mwezi napanda, nitamletea mizani. Na ile barabara bado naidai.